Unyayo wa Bi Fundi: kisa cha mtu aliyeanza mazoezi mara nne

Bi Fundi si jina lake. Nimemchagulia mimi, naye akaliridhia, akaniruhusu nikisimulie kisa chake mradi nisitaje mtaa anaokaa wala wateja wake. Ana miaka 52, ni fundi cherehani hapa Unguja, ana wajukuu watatu, na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili aliogunduliwa nao miaka sita nyuma. Alikuja kwangu wiki ya tatu ya Januari akichechemea. Kazi yangu ni tiba ya viungo.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwa taratibu kama mtu anayeogopa kiti. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, mimi mvivu. Hii mara ya tatu naanza mazoezi, na mara ya tatu nayaacha."

Neno hilo lilinikaa rohoni, na ndilo linalonifanya niandike. Huyu ni mtu anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akapika, akafagia, kisha akakaa kwenye cherehani mpaka magharibi. Zikikaribia sikukuu hushona mpaka saa sita za usiku. Mtu wa namna hiyo ukimwita mvivu utakuwa umemdhulumu, na yeye alikuwa amejidhulumu mwenyewe kwa miaka kadhaa.

Mara ya kwanza alianza mwaka ule ule alipogunduliwa sukari. Daktari wa kituo alichokwenda alimwandikia metformini: miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, pamoja na chakula. Chini yake akaandika "afanye mazoezi." Maneno mawili. Hakuna dakika, hakuna siku, hakuna aina. Bi Fundi akaenda zake kufanya alichodhani ni mazoezi, yaani kuruka kamba uani na binti yake. Siku nne, goti likavimba, kamba ikarudi kwa watoto. Mara ya pili kijana wake alimwekea programu ya kuhesabu hatua kwenye simu, ikamtaka hatua 10,000 kwa siku. Yeye alikuwa akipata 2,600 hivi. Kila jioni simu ikimwonyesha kashindwa, na baada ya mwezi akaona afadhali aiache nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo 10,000 haikutoka maabara. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na jina lake kwa Kijapani lilikuwa na maana ya "kipima hatua elfu kumi." Ni namba nzuri kutamkika. Kwa mtu wa hatua 2,600 ni mlima.

Mara ya tatu ndiyo iliyomleta kwangu.

Januari mosi

Asiyekaa Zanzibar huenda hajui kwamba Januari mosi kwetu ni Siku ya Mazoezi Kitaifa. Vikundi vya mazoezi vinatoka mjini na shamba, fulana rangi moja, nyimbo zinaitikiwa, wazee na vijana pamoja, na viongozi wa nchi wakiwemo. Bara nako, mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na vikundi vya jogingi vimezagaa kila mji. Naipenda siku hii. Nimo kwenye kikundi mwaka wa tisa sasa, na najua zile nyimbo zinavyombeba mtu: miguu inachoka, lakini wimbo haujaisha, basi unaendelea.

Hapo hapo ndipo mwanzilishi anapoumia. Bi Fundi alitoka na jirani yake, wakatembea na kukimbia kama kilomita sita, yeye kavaa viatu vya turubai vyenye soli bapa kama chapati. Akarudi nyumbani mwili unamuuma lakini roho imefurahi. Kesho yake akajiandikisha kwenye kikundi cha mtaani: asubuhi tatu kwa wiki, kilomita nne kila asubuhi, mbio za pole.

Nilimwomba tufanye hesabu. Desemba yote alikuwa akitembea nini? Kutoka chumbani mpaka jikoni, jikoni mpaka cherehani. Sokoni anakwenda kwa daladala. Tena akaniambia jambo ambalo nisingelijua kama asingekuwa mzungumzaji: zamani cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na miaka minne iliyopita akaitia mota. Miguu iliyokuwa ikikanyaga kutwa ikapata mapumziko ambayo hakuna aliyeyahesabu. Kwa hiyo Desemba ni karibu sifuri, na wiki ya kwanza ya Januari ni zaidi ya kilomita kumi na tano, sehemu kubwa yake mbio. Mtu akikimbia, kila hatua mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Yeye alikuwa na kilo 84.

Siku ya kumi na mbili aliamka kutawadha, akakanyaga sakafu, na kisigino kikamchoma kama kakanyaga sindano. Baada ya hatua ishirini maumivu yakalegea. Akadhani yameisha, akaenda kukimbia. Wiki moja baadaye alikuwa hawezi kusimama kukata kitambaa.

Dalili hiyo, maumivu makali ya kisigino kwenye hatua za kwanza za asubuhi, inajulikana sana. Ni ule utando mnene wa chini ya unyayo, unaoshika kisigino na kufika mpaka vidoleni, umebebeshwa mzigo ambao haukuandaliwa. Moyo na mapafu ni wepesi wa kujifunza: wiki mbili tatu tu mtu anaona pumzi haimkatiki tena kama mwanzo. Kano, mifupa na utando kama huo huchukua miezi. Kwa hiyo linakuja dirisha la hatari, pumzi inasema twende na mguu bado haujawa tayari. Waanzilishi wengi niliowaona wameumia humo, kati ya wiki ya pili na ya sita, pale wanapoanza kujisikia vizuri.

Nilichokipima kabla ya kumpa chochote

Presha yake ilikuwa 138 kwa 86, si ya kumzuia kutembea. Nilimuuliza kama kifua humbana au humwuma akipanda ngazi, kama amewahi kuzimia, kama anahisi ganzi miguuni. Nyayo nilizigusa kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia hisia, akauhisi kila mahali, na hakuwa na kidonda wala lengelenge. Hili kwa mwenye sukari siliruki hata siku moja. Mguu usiohisi unaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu, na huyo humpi programu ya kutembea kabla hajatengenezewa viatu na kuonwa na wanaohusika.

Halafu nikamkalisha kwenye kiti, mikono kifuani, nikamwambia asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Akapata mara nane. Kipimo hiki hutumika sana kwa wazee, na mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya 12 huhesabiwa kuwa nguvu za miguu yake zimepungua. Bi Fundi ana 52. Nilimweleza bila kumficha, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tatizo si kisigino peke yake." Ndivyo. Kisigino kilikuwa kimepiga kelele kwa niaba ya mguu mzima.

Dawa zake nilizitazama pia. Mbali na metformini, mwaka uliopita alikuwa ameongezewa glibenklamaidi. Nikaiandika pembeni. Ilikuwa inafaa nifanye zaidi ya kuiandika pembeni, na nitaeleza kwa nini.

Mjukuu na chuo

Nilimuuliza nani anampeleka mjukuu mdogo chuoni, yaani chuo cha Kurani. Akasema huenda na dada yake, saa tisa unusu, baada ya chakula cha mchana. Mwendo gani? Dakika nane kwa mtoto asiyekimbia.

Hiyo ndiyo ikawa programu yetu. Siku tano kwa wiki bibi ampeleke mjukuu: dakika nane za kwenda, akae barazani apumzike na akina mama wengine, dakika nane za kurudi. Kasi yake awe anaweza kuzungumza na mtoto bila maneno kukatika, lakini akitaka kuimba kasida ashindwe. Hana haja ya saa ya mkononi wala ya kuhesabu mapigo.

Aliniangalia kwa mashaka. "Hayo ndiyo mazoezi?" Nikamwambia ndiyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 ilitaka mwendo uwe wa angalau dakika kumi mfululizo ndipo uhesabike, lakini ile ya 2020 iliondoa sharti hilo. Dakika nane zinahesabika. Lengo la mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na miongozo hiyo hiyo inasema wazi kwamba kidogo ni bora kuliko kutokufanya kabisa, na kwamba mtu aanze kidogo kisha aongeze.

Nilichagua njia ya chuo kwa sababu nyingine pia, na huenda ndiyo iliyotuokoa. Bi Fundi aliona haya. Mwanamke wa makamo akitoka peke yake anatembea bila kikapu wala mahali anapokwenda, mtaa unauliza: una nini, umefikwa na nini? Akiwa na mjukuu na juzuu mkononi hana wa kumjibu. Amevaa buibui lake kama siku zote. Kitu pekee kilichobadilika ni viatu: tulitafuta raba yenye kisigino kinene, akaipata mitumba ya Darajani, na ndani ya nyumba nikamkataza kutembea pekupeku kwenye sakafu ya saruji, avae ndara.

Kwa ajili ya unyayo alikuwa na mambo mawili. Kabla hajaushusha mguu kitandani, aupandike juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea muundi mpaka ahisi unyayo umekaza, ahesabu kumi, arudie mara kumi. La pili ni la kujenga: asimame ukingoni mwa ngazi ya mlangoni, kanga iliyoviringwa chini ya vidole, apande kwa kuhesabu tatu, abaki juu kwa mbili, ashuke kwa tatu. Siku moja afanye, siku moja apumzike. Na kiti: asimame na kukaa mara tano, apumzike, mara tano tena.

Maumivu tuliyawekea sheria. Yakiwa kidogo wakati wa kutembea, aendelee. Hatua ya kwanza ya asubuhi inayofuata ndiyo inayohukumu: ikiwa mbaya kuliko jana, leo tunapunguza.

Haya yote aliyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Alipomaliza akalifunga, akasema, "Nimekata nguo ya jirani nikaivaa mimi." Sikuwa na la kuongeza.

Kosa langu

Wiki tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Dakika 80 kwa wiki. Wiki ya tatu akaongeza kwenda kumchukua mtoto siku mbili, ikawa 112. Hatua ya asubuhi ilikuwa imepungua ukali, akicheka, akiniletea maandazi. Wiki ya nne nikaruhusu amchukue siku zote tano, na wiki hiyo hiyo nikamwongezea mzigo kwenye zoezi la ngazi, abebe mkoba mgongoni wenye majora mawili ya kitambaa. Niliongeza mambo mawili kwa pamoja, kwa mgonjwa yule yule niliyemhubiria kwamba kuongeza ghafla ndiko kulikomuumiza. Alhamisi akanipigia simu kisigino kimerudi.

Furaha ya mgonjwa inampumbaza mtaalamu. Niliona sura yake nikasahau kwamba utando wa unyayo hauna habari na sura. Tukarudi nyuma: dakika 112, mkoba ukavuliwa, wiki mbili bila kuongeza chochote. Tangu hapo tulibadilisha jambo moja kwa wiki, na hakuna wiki tuliyobadilisha mawili.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Wiki ya saba, Jumamosi, kisigino kimetulia, Bi Fundi akasikia nyimbo za kikundi alfajiri zinapita barabarani. Akameza vidonge vyake kama kawaida ya kila asubuhi, hakula kitu ili tumbo liwe jepesi, akatoka nao. Alitembea tu, hakukimbia, lakini kwa karibu dakika 40. Njiani akaanza kutokwa jasho la baridi, mikono ikatetemeka, maneno yakamchanganyika. Dada mmoja kikundini, ambaye mama yake naye ana sukari, akalitambua upesi, akamkalisha, akakimbilia duka lililokuwa linafunguliwa na kumpa soda, soda ya kawaida yenye sukari. Walipompima nyumbani kwa kipimo cha jirani, dakika chache baada ya kunywa, sukari yake ilikuwa milimoli 3.6 kwa lita. Chini ya 3.9 ndiyo sukari iliyoshuka.

Metformini peke yake ni nadra kumshusha mtu hivyo. Glibenklamaidi inaweza, kwa sababu inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, na misuli inayotembea nayo inavuta sukari. Vikikutana vitatu, kidonge, tumbo tupu na mwendo, hatari ipo. Nilikuwa nimeiandika dawa hiyo kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, nikapanga matembezi baada ya chakula cha mchana, na sikumwambia sababu. Angejua sababu, asingetoka vile. Hili linaniuma mpaka leo.

Jumatatu nilimwandikia daktari wake barua, naye akaiangalia upya ile dawa na saa za kuinywa. Bi Fundi akajifunza kupima kabla ya kutoka, na ikiwa chini ya 5 ale kwanza. Mfukoni akaanza kubeba vijiko vitatu vya sukari kwenye karatasi, na akina mama wa barazani wote wakaelezwa dalili. Kwa mwenye kutumia insulini au dawa za kundi la glibenklamaidi, hayo yaelezwe siku ya kwanza, kabla ya viatu.

Ramadhani

Mwaka huo mfungo uliangukia Machi, wiki ya kumi na moja ya safari yetu. Watu wengi mazoezi yao hufia hapo, na masika inapoanza kunyesha inayazika. Kufunga au kutofunga kwa mwenye sukari ni shauri la daktari wake, na yeye alikwenda wiki tatu kabla ya mwezi kuandama, akapangiwa dawa upya na kuambiwa afungue papo hapo sukari ikishuka.

Chuo kilipunguza saa, joto la alasiri na kiu havikufaa, kwa hiyo tuliyahamisha matembezi usiku. Alitembea kwenda tarawehe na kurudi kwa njia ndefu, dakika kumi kila upande. Na tarawehe zenyewe ni kusimama, kurukuu, kusujudu, kuinuka. Wataalamu wa sukari huzihesabu kuwa sehemu ya mazoezi ya siku, na mimi nilizihesabu. Zoezi la kiti tulilibakisha duru moja. Aliogopa kwamba "anarudi nyuma." Nilimwambia mwezi wa kushikilia ulichonacho ni mwezi uliofanikiwa, na kushona nguo za Idi usiku kucha kulikuwa kunamtosha.

Mwisho wa wiki ya kumi na sita, Idi imepita, alikuwa akimpeleka mjukuu na kumrudisha siku zote tano: dakika 160. Kwenye kiti alipata mara 13. Hatua ya kwanza ya asubuhi haikumuuma. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho husomwa kwa asilimia, kilishuka kutoka 8.9 hadi 7.8, nami siwezi kusema ni miguu peke yake iliyofanya, kwa kuwa dawa zilibadilishwa katikati na Ramadhani ilimbadilishia ulaji.

Uzito ulitoka kilo 84 hadi 82 na nusu. Hapo alivunjika moyo, karibu alie. Alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba mazoezi ni ya kupunguza mwili, basi kama mwili haukupungua yeye kafanya nini miezi minne? Tulikaa saa nzima juu ya jambo hili, muda mrefu kuliko tuliokaa juu ya kisigino. Kutembea bila kugusa sahani hupunguza kilo chache tu, na mizani ni shahidi dhaifu wa kazi aliyoifanya. Nilimwomba ainuke kutoka kwenye kiti bila kushika kitu. Akasimama. Nikamwuliza Januari alikuwa akisimamaje. Akasema, "Kwa kushika meza." Kisha akajipima kiuno kwa tepu yake mwenyewe, hakuniamini mimi, akaandika namba kwenye daftari, hakunionyesha.

Kikundini nilipeleka kisa chake, kwa ruhusa yake. Tulibishana kama wanaoanza wawe na safu yao. Wengine waliona kutenga watu ni kuwadhalilisha, na hoja hiyo si ya kupuuza, maana raha ya kikundi ni kuwa pamoja. Mwishowe tukaweka safu ya nyuma inayotembea tu, inayoimba nyimbo zile zile, na inayogeukia katikati ya njia kurudi uwanjani ili imalize pamoja na wakimbiaji. Kila mgeni huanzia huko mwezi mzima, hata kijana wa miaka 20, ili asionekane mtu ametengwa kwa umri au mwili. Na huulizwa kama ana sukari, presha, au kifua kinachobana.

Januari mosi iliyofuata Bi Fundi alikuja na binti yake na yule mjukuu. Walikuwa safu ya nyuma. Alitembea dakika ishirini, akatazama saa ya binti yake, akatoka kwenye mstari katikati ya wimbo, akasimama pembeni akiitikia kiitikio mpaka watu wote wakapita, kisha akamshika mtoto mkono wakageuka kurudi nyumbani. Kesho yake alikuwa na siku ya chuo.